Lodwar: mji wa jangwani uliofanywa jela na mkoloni, na vitu vya kuona ukifika

Mzururaji_Kaskazini

Wakuu, habari za majukumu.

Kwenye ule uzi wa mji wa Maralal mdau mmoja aliuliza kama Lodwar ni mji wa kufikia au ni wa kupita tu ukielekea Ziwa Turkana. Jibu la mstari mmoja lisingetosha, kwa hiyo nimeamua kufungua uzi wake. Ni mrefu, vuteni viti.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa panga. Wageni wengi wanaichukulia Lodwar kama stendi. Wanashuka kwenye ndege, gari linawasubiri, wanakimbilia Eliye Springs ufukweni kupiga picha, kesho yake wako Nairobi. Ziwa ni zuri, sibishi. Ila usipokaa mjini hutaelewa unachokitazama, maana Lodwar ndiyo iliyobeba historia ya eneo lile lote, na historia yenyewe ni ya mahali palipochaguliwa kwa sababu kutoka ilikuwa shida.

Kwa wasiopajua: Lodwar ni makao makuu ya kaunti ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, kando ya mto Turkwel unaoteremka kutoka Mlima Elgon. Mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 200. Joto la mchana la nyuzi 35 ni la kawaida, wenyeji hata hawalitaji. Ukiutazama mji kutoka juu ya kilima unaona mabati, vumbi jekundu, vilima vyeusi vya mawe ya volkeno, halafu katikati mstari wa kijani wa migunga na mikoma unaofuata mto. Bila ule mstari mji usingekuwepo.

Waingereza walipata tabu kuishika Turkana. Wapiganaji chini ya Ebei waliwasumbua kwa miaka, na mwaka 1918 ikafanyika operesheni kubwa ya kijeshi iliyoitwa Labur, askari wa Kenya wakiungana na wa kutoka Sudan. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa kwa makundi makubwa, na Waturkana wakanyang'anywa bunduki huku majirani zao wengine wakibaki nazo. Hili la mwisho mzee yeyote kule atakusimulia kama la jana.

Baada ya hapo eneo likafungwa. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, ikafuatwa na nyingine ya 1934, na kwa sheria hizo mtu wa nje hakuingia bila kibali. Shule hakuna, misheni hakuna, biashara ni ya maduka machache. Lodwar ikawa boma: ofisi ya DC (mkuu wa wilaya), askari, jela, maduka. Mkoloni hakutaka kitu kingine hapo.

Sasa tuje kwa mfungwa mashuhuri. Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Yeye na wenzake, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba, walipelekwa Lokitaung, mbali zaidi kaskazini ya Lodwar. Achieng Oneko alishinda rufaa lakini hakuachiwa, akabaki kizuizini. Kule Lokitaung Kenyatta aliondolewa kwenye kuvunja mawe kwa ajili ya umri, akapewa kazi ya upishi. Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa pale pale, na Kenyatta alimfundisha Kiingereza.

Kifungo kiliisha Aprili 1959. Badala ya kurudi kwao Gatundu akaletwa Lodwar, na hapo akakaa karibu miaka miwili akiripoti kwa DC mara mbili kwa siku. Mkewe, Mama Ngina, aliruhusiwa kumfuata. Gavana Renison alikuwa akimwita kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini, na huku chini chama cha KANU kilishinda uchaguzi wa mapema 1961 kikakataa kuunda serikali Mzee akiwa bado kizuizini. Machi 1961 viongozi wa vyama wakapanda ndege kwenda Lodwar kumwona. Hebu fikirieni: wanasiasa wa Nairobi na suti zao wanashukia kwenye lile joto kwenda kumsalimia mzee ambaye serikali ilidhani imemsahaulisha. Aprili akahamishiwa Maralal, Agosti akaachiwa. Mwanawe Uhuru alizaliwa Oktoba mwaka huo huo. Hesabu miezi mwenyewe, mimi simo.

Nyumba aliyokaa ipo mjini. Ndogo, ya kawaida kabisa, na ndiyo maana mimi naipenda. Ukisimama pale saa nane mchana utaelewa adhabu yenyewe ilikuwa nini.

Naendelea chini. Tupieni maswali.

BintiPangani

Nimekaa hapa hapa mkuu, usiondoke.

Nina la kuchomekea kuhusu ziwa, maana linatuhusu sisi wa mwambao. Kila mahali utasoma kwamba Count Teleki na Ludwig von Höhnel "waligundua" ziwa tarehe 6 Machi 1888 wakalibatiza jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Msafara ule ulianzia wapi? Pangani. Wapagazi walitoka Unguja na Pangani, mamia ya watu waliobeba vitambaa, shanga na risasi kichwani. Na habari za njia ya bara zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa pembe kama Jumbe Kimameta wa Pangani, yule yule aliyesafiri na Joseph Thomson mwaka 1883. Kwa hiyo siku Wazungu wale wawili wanalitazama ziwa kwa mara ya kwanza, Waswahili chungu nzima walikuwa wanalitazama pia, wana kiu kuliko wao, na wamebeba mizigo yao. Wenye ziwa nao walikuwa wanavua samaki kama kawaida.

Jina la Turkana lilirudi kwenye ramani mwaka 1975.

Mzururaji_Kaskazini

@BintiPangani hapo umenena, dada. Na wale wapagazi walikuwa na hamu ya maji kweli: walipofika wakakuta maji yenyewe ni ya magadi. Yananyweka kwa shida, ukiyazoea. Ziwa halina mto wa kutokea, na karibu asilimia 90 ya maji yake yanatoka mto Omo wa Ethiopia. Ndiyo maana bwawa la Gibe III kwenye mto huo lilizua kelele kiasi kile, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka hifadhi za ziwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Ekai_Kanamkemer

Ejoka, ndugu zangu. Mimi ni wa hapo hapo Lodwar, nimezaliwa Kanamkemer, ng'ambo ya mto.

Mzururaji umeandika vizuri, ila nina ugomvi na wewe. Kila mtu kutoka Kenya (sisi kwetu ukivuka Kainuk kwenda kusini tunasema umeenda Kenya, msishangae) akija kuandika Turkana anaanza na jela, anamaliza na njaa. Kenyatta alikaa kwetu miaka miwili. Waturkana tupo hapo tangu lini? Watoto wa shule wanapelekwa kwenye nyumba ya Mzee wanaambiwa "hii ndiyo historia", halafu wanapitishwa Namoratunga wakiwa wamelala kwenye gari!

Namoratunga iko kandokando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, hukosi. Ni nguzo za mawe meusi 19, zimesimama zimeinama kila moja upande wake, nyingine zinafika kiunoni, nyingine ni fupi. Bibi alitusimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, akaja mgeni asiye wa kawaida, wakaonywa wasimcheke, wakamcheka. Wakageuka mawe pale walipokuwa. Ndiyo maana hazijapangika, ni watu walikuwa kwenye ngoma. Angalia juu ya nguzo utakuta vijiwe vidogo vimewekwa. Mpita njia anaokota kimoja, anakiweka, anaendelea na safari. Hata mimi nikiwa kwenye bodaboda nasimama.

Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani waliandika kwamba nguzo zimeelekezwa kwa nyota, kalenda ya kale ya Wakushi ya mwaka 300 hivi kabla ya Kristo. Wengine wakaja wakapima upya wakapinga. Tunachojua sasa ni kwamba kuna maeneo ya nguzo kama hayo mengi kandokando ya ziwa, na pale Lothagam Kaskazini walipochimba walikuta makaburi ya watu wasiopungua 580, ya miaka kama 5,000 iliyopita, wafugaji wa kwanza kabisa wa bonde hili. Wamezikwa wakubwa kwa wadogo, wengi na mapambo yao ya shanga za mawe ya rangi. Hakuna kaburi la mfalme. Hiyo ndiyo historia ya kuanza nayo, siyo DC.

Mzururaji_Kaskazini

Ekai ndugu yangu, ugomvi wako naupokea, ila sirudi nyuma. Mgeni akianzia kwenye makaburi ya miaka 5,000 ataondoka akijua mawe na mifupa, lakini hatajua kwa nini lami ilichelewa, kwa nini hospitali nyingine zililetwa na mapadri, kwa nini mnasema "Kenya" kama nchi ya jirani. Hayo yote yanatoka kwenye ule mlango uliofungwa. Ulifunguliwa mwaka 1961 tena kwa sababu ya ukame mkubwa, ndipo wamisionari wa Kiairishi wa Mtakatifu Patrick wakaruhusiwa kuingia na chakula. Wakabaki. Dayosisi ya Lodwar ikaundwa 1978.

Na kwa kuwa nimetaja mapadri: ile sanamu ya Yesu juu ya kilima, mikono imenyooshwa kama ile ya Rio, panda saa kumi na moja jioni jua likianza kulegea. Ni ngazi, siyo mchezo, beba maji. Ukiwa juu mji wote uko miguuni, na unauona mto unavyojipinda. Ramani bora ya Lodwar ni hiyo.

DerevaMstaafu

Nimeendesha lori njia hiyo tangu enzi za operesheni ya misaada ya Sudan, mizigo ya Lokichoggio. Wacha niwape ya barabarani.

Kutoka Kitale ni kama kilomita 300. Unapita Kapenguria (mji huo ndimo kesi ya Mzee ilimoendeshewa; simama makumbusho, mtaona vyumba walimofungiwa), unaanza kuteremka Marich Pass, masikio yanaziba, joto linakupokea kama umefungua jiko. Ukifika Kainuk uko Turkana. Lokichar, halafu Lodwar.

Lami ya zamani ilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1980. Ikaja ikaoza mpaka tukawa tunaiacha, tunaendesha pembeni kwenye mchanga. Siku hizi imejengwa upya, vijana hamjui mlichokoswa. Lakini mambo mawili hayajabadilika. La kwanza, kipande cha Marich mpaka Lokichar pita mchana, na uliza hali ya usalama kabla ya kuanza, kwa sababu ya mambo ya mifugo kati ya Wapokot na Waturkana. La pili ni laga. Unakuta bonde la mchanga mkavu, anga ni jeupe, huoni wingu. Mvua imenyesha milimani huko usikokujua. Maji yanakuja ghafla, ya kahawia, yamebeba magogo. Hapo hata uwe na gari la aina gani unazima injini, unakaa chini ya mti mpaka yapungue. Laga ya Kawalase hapo hapo Lodwar imeshalaza watu wengi njiani.

Mchumi_Uchwara

Hao Wanorwe ndio waliojenga kiwanda cha samaki jangwani? Au ni stori za vijiweni?

Ekai_Kanamkemer

Ni kweli, kipo Kalokol, kilomita kama 60 kutoka Lodwar. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijenga kiwanda cha kugandisha minofu ya samaki. Kugandisha samaki kwenye joto letu kunataka umeme mwingi na maji safi, na vyote viwili havikuwepo vya kutosha. Kisha ghuba ya Ferguson, ambayo ndiyo ilikuwa shamba la samaki, ikakauka katikati ya muongo huo huo. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa mambo ya siasa, msaada ukakatika.

Waturkana wengi waliopewa nyavu walikuwa wamepoteza mifugo kwenye ukame. Kwetu mtu akipata hela ya samaki ananunua mbuzi, anarudi kuchunga. Mzungu alishangaa sana.

Ila msidhani uvuvi ulikufa. Nenda kijiji cha Longech uone: ngege wamepasuliwa wamelazwa juani, mbuta wametiwa chumvi, wanawake wanageuza mmoja mmoja, harufu unaisikia kabla ya kuona paa. Huyo samaki mkavu anapakiwa kwenye malori anapita Uganda anafika mpaka Kongo. Hakuhitaji friji hata siku moja. Na ghuba iliyokauka imerudi na zaidi: kuanzia 2019, 2020 ziwa limepanda likameza fukwe, mabanda ya wavuvi, mpaka baadhi ya majengo ya wageni kule Eliye.

BintiPangani

Huyo samaki wa juani na chumvi ningemfuata mimi kabla ya nyumba ya Kenyatta. Samahani mleta uzi.

Mchumi_Uchwara

Na mafuta? 2012 tuliambiwa Turkana inageuka Dubai.

Mzururaji_Kaskazini

Mchumi umepiga penyewe. Mafuta yalipatikana kwenye kisima cha Ngamia-1 Machi 2012 kule Lokichar. Viwanja vya Lodwar vikapanda, hoteli zikajengwa, kila kijana akanunua viatu vya usalama. Juni 2018 malori ya kwanza yakaanza safari ya Mombasa, Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka. Baada ya hapo kimya kirefu. Mwaka 2013 tena ilitangazwa kuwa chini ya tambarare ya Lotikipi kuna bahari ya maji ya kunywa, walipoyapima zaidi wakakuta chumvi. Watu wa Lodwar wameshazoea kutangaziwa. Faida moja tu: hoteli zimebaki, wewe mtalii utapata chumba chenye feni na maji ya bomba.

Kilichowahi kutoka ardhini kule kikatimiza ahadi ni mifupa. Agosti 1984 Kamoya Kimeu, mtoto wa Ukambani ambaye hakuwa na shahada yoyote, aliona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti pale Nariokotome, rangi yake sawasawa na kokoto zilizokizunguka. Walipochimba wakapata mifupa karibu yote ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 na kitu iliyopita, ndiye anaitwa Turkana Boy. Mwaka 2015 zikatangazwa zana za mawe za Lomekwi, miaka milioni 3.3, za kale kuliko zote zilizojulikana. Ni magharibi ya ziwa huko huko, upande wa Lodwar. Kufika unahitaji gari la kweli na mwenyeji, siyo safari ya asubuhi na kurudi.

MamaWawili_Eldy

Mimi nataka kwenda likizo ya Agosti na watoto wawili, wa miaka saba na kumi na moja. Hayo ya mifupa wataniulizia baadaye. Niambieni nifanye nini hasa, na je, mamba?

Ekai_Kanamkemer

Karibu sana mama. Agosti ni wakati mzuri, miaka mingine ndipo kaunti inafanya tamasha la Tobong'u Lore pale Ekalees, wanakuja mpaka ndugu zetu Wakaramoja wa Uganda, Wanyang'atom wa Ethiopia na Watoposa wa Sudan Kusini. Ngoma zetu ni za kuruka, watoto hawatachoka. Hoteli shika mapema, zinajaa.

Siku ya kwanza usiende popote mbali. Asubuhi mapema nenda sokoni kwa akina mama wa vikapu. Wanasuka kwa majani ya mkoma, na usinunue tu uondoke, kaa. Mama anachana jani kwa kucha, analilowesha, anapitisha sindano bila kutazama huku anapiga soga. Mchoro wa rangi nyeusi unaanza kutoka kidogo kidogo, na hujui ameuamua saa ngapi. Mtoto wako wa kiume mnunulie ekicholong, kigoda cha mti mmoja: wazee wetu wanakikalia mchana, wanakilalia kichwa usiku ili nywele zisiharibike. Bei zungumza lakini usikandamize mtu.

Mchana laleni. Sikutanii, saa sita mpaka saa tisa kila mwenye akili yuko kivulini. Jioni kilimani kwa Yesu. Usiku mbuzi choma, na ukipata nyirinyiri, nyama iliyokaushwa ikakaangwa, waonjeshe. Chini ya miti ya mathenge angalieni miguu, miiba yake inapasua hata tairi ya bodaboda. Huo mti uliletwa kuzuia jangwa, sasa sisi ndio tunazuiwa.

Kesho yake Kalokol kupitia Namoratunga, na vijiwe vyao mkononi.

Mamba wapo, wengi, ndiyo maana unaogelea pale wenyeji wanapoogelea na si kwingine. Kule Eliye kuna chemchemi za maji matamu zinazotoka mchangani chini ya mikoma, watoto waache wacheze hapo kwanza. Kisiwa cha Kati kina maziwa matatu ndani ya mashimo ya volkeno, moja ni la mamba, moja la heroe, moja la ngege, kila moja na rangi yake. Ni pazuri kupita kiasi, lakini ni boti na upepo wa ziwa hauna adabu. Mwenye boti akikuambia leo hatutoki, usimwongeze hela ili atoke. Na yule wa miaka saba mimi ningemwacha Kalokol na shangazi yake.

MamaWawili_Eldy

Shangazi yake hana habari kama anakuja. Asante sana Ekai. Basi la kutoka Eldoret linafika usiku au asubuhi?

DerevaMstaafu

Mama, panda la asubuhi mpaka Kitale, lala Kitale, halafu chukua linaloondoka alfajiri. Jua likizama uwe umeshavuka Lokichar. Maji chupa kubwa kila mtoto, na kofia.